Neno la Herufi Tano

Nyumba zote za safu ile zilipigwa X. Ni moja tu iliyoandikwa neno.

Mshonaji ndiye aliyeliona kwanza, alipofungua mlango Alhamisi asubuhi kumwaga maji. Rangi ilikuwa haijakauka. Herufi tano nyekundu, kila moja kubwa kuliko kifua cha mtu, zilianzia chini ya dirisha mpaka ubavuni mwa mlango: LEAVE. Kwenye herufi ya mwisho rangi ilikuwa imetiririka hadi msingi wa nyumba. Mshonaji hakujua Kiingereza, lakini rangi ile aliijua. Alisimama na beseni mkononi, na yale maji hakuyamwaga.

"Mzee," aliita. "Njoo nje. Tumeandikiwa."

"Tumeandikiwa nini?"

"Si wewe ndiye Kamusi? Njoo usome."

Mtaa mzima ulimwita mumewe Kamusi. Alikuwa mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, ambako kazi yake ilikuwa kusahihisha makosa ya watu kabla vitabu havijapigwa chapa, na Kiingereza chake alikipata katika masomo ya jioni, akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Hakupenda mtu asahau hilo. Alitoka na fulana, akateremsha miwani kutoka kipajini na kulitazama neno kwa muda mrefu kuliko herufi tano zinavyohitaji. Mkewe hakuutazama ukuta. Aliutazama uso wake.

"Tumepona," Kamusi alisema.

Ng'ambo ya uchochoro wa kando, Fundi Baiskeli alikuwa amekaa juu ya tairi bovu akiutazama ukuta wake mwenyewe. Alicheka kwa sauti ya mtu ambaye hajalala.

"Kamusi bwana! Wewe umeandikiwa barua kabisa. Sisi tumepigwa mkasi kama hesabu iliyokosewa."

"Yenu ndiyo imekosewa. Yetu inasema iachwe."

"Iachwe? Mbona mimi kila nikijitoa kwenye kundi la simu, neno ninalobonyeza ndilo hilo hilo? Nikibonyeza tu, kwisha habari yangu. Nimetoka."

Mshonaji aligeuka. "Kumbe maana yake ni kutoka?"

"Maana zake ni nyingi," Kamusi alisema, na tayari alikuwa anarudi ndani kulileta lile kamusi lake nene lililofungwa gundi mgongoni. Alilifungua juu ya meza ya cherehani, akafuata mistari kwa kidole. "Sikilizeni. Neno hili ni la kale. Asili yake si kuondoka, asili yake ni kubaki. Kufanya kitu kibaki. Mtu akisafiri, zamani neno hili lilikitazama kile alichokiweka nyuma. Miaka ikapita, watu wakasahau kilichobaki, wakaanza kumtazama yule anayekwenda. Ndipo likapata maana ya kuondoka. Lakini mzizi wake ni kubaki."

"Na livu ya kazini, ile likizo?" Fundi Baiskeli aliuliza kutoka mlangoni.

"Hilo ni neno jingine. Mama mbali, baba mbali, wamefanana sura tu. Maana yake ruhusa."

"Sasa hawa watu wa barabara wameandika mzizi au matawi?"

Kamusi alifunga kamusi. "Kiingereza kina ubahili. Kiswahili kingesema ondokeni, au kingesema iacheni, na kila mtu angejua anaambiwa nani na kuhusu nini. Wao wametupa neno likiwa uchi. Lakini tumia akili. Kama wangetaka kutubomolea, wangetupiga X kama wengine. Nani atamaliza rangi yake kwa herufi tano kusema jambo ambalo mistari miwili inalisema?"

"X ni ya mashine," Mshonaji alisema polepole. "Neno ni la watu. Mashine haisomi."

Kamusi alirudisha miwani kipajini.

Tangazo lilikuwa limebandikwa wiki nzima kwenye nguzo ya taa. Barabara mpya inapita. Nyumba zenye alama zitavunjwa Jumatatu. Wenye nyumba wajiandikishe ofisini kabla ya Jumamosi saa sita, wapewe viwanja kwingine, na anayetaka kuokoa bati au mlango ajing'olee mwenyewe mapema. Kwa hiyo paa lao lilikuwa limekalia herufi zile tano. Kama zilisema ondokeni, kila bati litakalobaki juu siku ya Jumatatu litasagwa. Kama zilisema iacheni, basi atakayeng'oa bati atakuwa amejivunjia nyumba kwa mikono yake. Na chumba cha nyuma alikuwamo mama yake Kamusi, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia tangu mwaka uliopita.

*

Ijumaa walikwenda ofisini wote wawili. Kamusi alivaa koti. Njia nzima midomo yake ilikuwa inatembea, na Mshonaji alijua anapanga Kiingereza.

Walikaa kwenye benchi tangu saa tatu. Saa tano na nusu karani wa kike aliwaita dirishani bila kuinua uso. Kamusi aliinamia kitundu cha kioo, akatoa sentensi yake, ndefu, iliyonyooka, kila neno mahali pake. Karani alimtazama, akamsubiri amalize.

"Mzee, sema Kiswahili tu. Tutafika haraka."

Kwenye benchi mtu alicheka, na mwingine akaitikia. Mshonaji aliona shingo ya mumewe ikijikaza ndani ya kola.

"Tunataka kujua maana ya neno mlilotuandikia ukutani," alisema Kamusi.

"Neno gani?"

Alilitamka. Karani akafungua jalada, akapitisha kalamu chini ya namba za nyumba mpaka akafika. "Ndiyo. Hata hapa limeandikwa hivyo hivyo."

"Na maana yake?"

"Maana yake ndiyo hiyo iliyoandikwa."

"Dada," Mshonaji aliingilia, "tunavunjiwa au hatuvunjiwi?"

"Mama, mimi sikuandika. Aliyeandika ni mpimaji. Yeye ndiye anajua alikuwa anafikiria nini."

"Basi tuitie huyo mpimaji."

"Yuko livu."

Kamusi alitoa sauti, na mkewe hakujua kama ni kicheko au kikohozi. "Mpaka lini?"

"Wiki tatu. Ameanza jana."

"Basi tuandike na sisi kwenye viwanja," Mshonaji alisema. "Kama tahadhari. Tukiachwa, kiwanja mtampa mwingine."

Karani aliigeuza fomu ili waione, kama anayemwonyesha mtoto kitabu cha picha. "Hapa pana kisanduku. Weka tiki kama nyumba ina X. Yako ina X?"

"Ina neno."

"Kisanduku cha neno unakiona wapi?"

Walipokaribia nyumbani Kamusi alivua koti. "Kiingereza chake kibovu," alisema. "Ndiyo maana alikikimbia."

*

Jumapili safu nzima ililia nyundo. Watu walikuwa juu ya nyumba zao kama ndege, wanang'oa, wanateremsha, wanafunga kwa kamba. Mlango wa Fundi Baiskeli ulikuwa umelala kwenye mkokoteni na kitasa chake. Mshonaji alivuka uchochoro, wakazungumza kidogo, na Fundi akaja na mtaimbo na ngazi.

Kamusi alikuwa amesimama kizingitini.

"Shemeji amesema tuanze na chumba cha mbele," Fundi alisema. "Mabati kumi na mawili tu. Ukiachwa, kesho nakurudishia mwenyewe, bure."

"Bati lililotobolewa mara mbili linavuja."

"Livuje basi! Afadhali bati linalovuja kuliko bati la chapati."

"Hakuna bati litakalotoka hapa."

"Mzee," Mshonaji alisema, "hujui. Kubali tu kwamba hujui. Nisikie neno hilo mara moja kinywani mwako."

"Najua. Miaka yote nimekula kwa kujua maneno. Nimewasahihisha maprofesa."

"Hao walikuwa kwenye karatasi! Hapa yupo mama yako!"

Kutoka chumba cha nyuma sauti ya kikongwe iliuliza nani anagombana. "Hakuna, mama," Kamusi aliitikia, "tunazungumza Kiingereza." Fundi Baiskeli alicheka bila kutaka. Kisha akaangalia chini, akachukua ngazi yake.

"Shemeji, siwezi kupanda nyumba ya mtu aliyesimama mlangoni."

Alipoondoka, Mshonaji alitoa cherehani peke yake, akaiburuta uani, akaifunika na shuka. Akatoa vitambaa vya wateja, sufuria, godoro. Kila alipopita kizingitini Kamusi alijibana kumpisha, na hakuna aliyemgusa mwenzake.

*

Tingatinga lilifika Jumatatu saa mbili. Lilizila nyumba za mwanzo bila haraka, vumbi likapanda, na kila ukuta ulipolala ardhi ilitikisa vikombe walivyobakiza mezani. Lilipofika kwao lilisimama, ndoo yake juu, ikidondosha udongo. Dereva alizima injini. Alitoa kichwa nje, uso mweupe kwa vumbi, akautazama ukuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Hapa pameandikwa nini? Mimi hizi za kizungu zinanipiga chenga. Msimamizi hayupo, ameenda kutafuta mafuta. Karatasi yangu inasema X nivunje. Hapa sioni X. Au ni wenye nyumba mmetutukana?"

Mshonaji alikuwa amesimama uani, mkono juu ya cherehani. Aliona jinsi mumewe alivyojinyoosha. Tangu aanze yale masomo ya jioni alikuwa akisubiri mtu amwulize swali hili, hivi, mbele ya watu. Lakini jibu halikutoka mara moja. Kamusi aliligeukia neno, akalitazama, kisha akamtazama mkewe, na kwa kitambo kile kifupi Mshonaji alijua kwamba mumewe hajui, na kwamba amejua hajui tangu Alhamisi. Kiwanja hawakuwa nacho. Jibu lililobaki lilikuwa moja.

"Linasema iachwe," Kamusi alisema.

"Sawa, mzee wangu."

Dereva akawasha injini, akageuza minyororo, akapita pembeni. Mshonaji alikaa chini pale pale kwenye udongo. Kamusi alimjia akitabasamu, macho yamejaa machozi, na hakusema "nilikwambia". Alibeba cherehani mwenyewe kuirudisha ndani.

*

Hawakufurahi zaidi ya siku mbili. Barabara ilitakiwa kupita chini ili magari yasipande kilima, na mashine zilianza kuchimba. Zilichimba mbele ya nyumba kwenda chini, chini zaidi, mpaka vibarua waliokuwa shimoni wakaonekana vichwa tu, na baadaye hawakuonekana. Ukingo ulikuja ukasimama hatua mbili kutoka ukutani. Bomba la maji lilikatwa. Wateja wa Mshonaji walihamia kwenye viwanja vipya, na waliobaki waliogopa kupita kwenye ukingo, hivyo cherehani ikakaa kimya siku nzima. Hakukuwa na jirani wa kuomba chumvi wala wa kugombana naye.

Wiki ya pili sakafu ya chumba cha mbele ilifanya ufa. Mara ya kwanza uliingia sindano. Baada ya siku nne uliingia mkasi. Kamusi alichanganya saruji kwenye kopo, akaziba, akasema ni nyumba inajiweka sawa. Kesho yake asubuhi saruji ile ilikuwa imepasuka katikati, na Mshonaji akamwona mumewe akipiga magoti kuutazama ule ufa kwa miwani, kama kurasa zake za zamani.

"Wanangu, kitanda changu kinatembea," kikongwe alilalamika siku moja.

"Ni mashine za barabara, mama."

"Mashine ziko wapi? Sisikii mashine. Leo ni Jumapili."

*

Mpimaji alirudi kutoka livu amenenepa, shati jipya, mwavuli kwapani. Alikuja na daftari kukagua kingo. Aliipita nyumba, akasimama, akarudi nyuma.

"Nyinyi bado mko humu?"

"Tumo," Kamusi alisema. "Umeandika tuachwe, tumeachwa."

"Nimeandika muachwe?"

"Au uliandika tuondoke?" Mshonaji aliuliza. "Tuambie leo, mwanangu. Wewe ndiye uliyeshika brashi."

Mpimaji aliutazama ukuta kana kwamba anaukumbuka mwandiko. "Yote mawili," alisema.

"Yote mawili vipi?"

"Nyumba iachwe, kwa sababu barabara haiihitaji, mashine isipoteze mafuta. Watu waondoke, kwa sababu hapa chini ni kichanga kitupu. Tukishachimba, mvua ya kwanza inaweza kuuteremsha mlima wote huu. Neno moja lilitosha."

Kamusi alivua miwani. "Neno haliwezi kubeba maana mbili zinazopigana kwa wakati mmoja," alisema, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeuliza. "Kwa nini hukuandika kwa urefu?"

"Ukutani? Rangi ilikuwa inaisha, mzee. Maelezo yote yalikuwa kwenye barua. Na kiwanja chenu, namba yake, kila kitu. Hamkupata barua?"

Mshonaji alitikisa kichwa.

Mpimaji alifungua daftari, akalifunga. Alitazama juu, mawingu yalikokuwa yakijipanga. "Itakuwa iko mezani kwangu," alisema. "Nilitaka kuileta, halafu livu yangu ikaanza."

"Basi tupe hicho kiwanja," Mshonaji alisema.

"Orodha imefungwa, mama. Andikeni ombi, nitalisukuma. Lakini msilale humu. Nawaambia kama mtoto wenu, msilale humu hata leo."

"Unatupa ruhusa?" Kamusi aliuliza.

"Kuondoka hakutaki ruhusa, mzee."

Alipokwisha kwenda, Kamusi alibaki ameshika miwani. Mshonaji alisubiri hotuba. Haikuja.

"Tufanye nini, mama?" mumewe aliuliza. Hakuwa amewahi kumwuliza hivyo.

"Shika upande wa miguu," alisema, akaenda kushika kitanda cha mkwewe kichwani.

Walimbeba kikongwe akiwa juu ya kitanda chake mpaka pale palipokuwa nyumba ya Fundi Baiskeli, hatua thelathini kutoka ukingoni. Uchimbaji ulikuwa haujafika upande ule, na ilibaki sakafu tu, ya saruji nzuri, yenye madoa ya grisi. Wakafunga turubai kwenye vigingi vinne.

"Mmenileta wapi?"

"Kwa jirani, mama. Kwa Fundi Baiskeli."

Kikongwe aligeuza shingo huku na huku. "Mbona ameuza kuta?"

*

Mvua ilikuja kesho yake mchana, bila upepo, nzito, kama mtu aliyefungua mlango. Walikaa watatu chini ya turubai wakiitazama nyumba yao. Bati zote zilikuwa juu, zinang'aa. Ndani kulikuwa kukavu. Mshonaji alitazama miguu ya mkwewe iliyolowana, akatazama lile paa, akasema, "Mzee, labda kwa saa moja tu, mpaka ipungue." Kamusi alikataa kwa kichwa.

Ndipo walipowaona wale watu. Walikuwa vibarua watatu wa barabara, wamepanda kutoka kwenye shimo na sufuria la chakula chao, wamekimbilia chini ya paa la mbele. Walijibanza ukutani, katikati ya dirisha na mlango, migongo juu ya rangi nyekundu, miguu karibu na ukingo. Mmoja alikuwa tayari anapakua.

Kamusi alitoka mvuani bila koti. Mshonaji alimfuata.

"Tokeni hapo!"

"Tunajikinga tu, mzee," yule mwenye sufuria alisema. "Hatuingii ndani kwako."

"Hamkusoma ukuta?"

Walicheka. "Dereva ametuhadithia. Ulimwambia mwenyewe maana yake iachwe. Basi tumeiacha, mzee. Hatujaigusa. Karibu ule."

Mshonaji alimwona mumewe akifungua kinywa. Alijua yaliyokuwa humo: mzizi, matawi, kilichobaki na anayekwenda. Chini ya miguu ya wale vibarua maji yalikuwa yanaingia kwenye nyasi za ukingo, na hayakuwa yanatokea popote.

"Nilikosea!" Kamusi alipiga kelele. "Nilikosea mimi! Ondokeni! Ondokeni hapo!"

Alimshika wa kwanza ukosi, akamvuta. Wa pili alikuja mwenyewe, akilalamika, akisema wazee wengine wana roho mbaya. Wa tatu alirudi kuchukua mfuniko, na Mshonaji akamdaka mkono kwa nguvu zake zote za kusukuma vitambaa chini ya sindano, wakaanguka wote wawili kwenye tope.

Ukingo uliondoka kimya. Halafu ukaja mlio kama gunia linalomwagwa, mrefu, na ukuta wa mbele ukainama kuelekea barabarani ukiwa mzima, dirisha na mlango vikiwa mahali pake, ukapotea chini. Paa lilibaki likining'inia kidogo, kisha nalo likaufuata.

Vibarua walisimama wakiwa wameshikana. Mwenye sufuria alikuwa bado amelikumbatia, na mvua ilikuwa inaingia kwenye chakula. Mshonaji alijizoa kutoka kwenye tope, akamwendea mumewe aliyekuwa amesimama peke yake akilitazama shimo, akamshika mkono ili amrudishe kwa mama yake. Kamusi alikuwa bado anasema, "Ondokeni, ondokeni," ingawa pale hapakuwa tena na mtu wa kuondoka.